Chai Aliyoiamini Mzee Nsajigwa

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni Mzee Nsajigwa Jotham Mwaisaka, aliyezaliwa tarehe 14 Agosti 1957 hapa Suma, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, na mwaka uliofuata akaanza kazi ya kupima majani kwenye kituo cha kununulia chai, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minane bila mkulima hata mmoja kugombana na mzani wake.

Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na Esnath, wakajaliwa watoto wawili, Wilson, na Sekela anayewasomea hapa.

Machi 2022, alipokwenda kumtolea damu jirani, marehemu aligundulika kuwa na homa ya ini aina B, akaanzishiwa vidonge mjini Tukuyu, wala hakukosa kliniki, hadi Juni 2023, Sekela, mhudumu wa maabara huko Morogoro, alipompigia simu kwa furaha kumwambia kwamba katika jaribio la maabara yao viambato vya majani ya chai, vinavyoitwa antioksidanti, vimelinda ini lisipate saratani.

Hakumwambia kwamba ini lenyewe lilikuwa la panya, tena panya wasio na homa ya ini, kwa kuwa alitaka tu baba ajivunie chai yake. Marehemu akaacha vidonge, akawa anachuma ncha changa nyuma ya nyumba na kuzichemsha asubuhi na jioni, na mkewe akimuuliza, alijibu kuwa daktari wake ni mwanawe wa maabara. Krismasi ile Sekela aliyaona hayo kwa macho yake, akaona haya kumkatalia mbele ya wageni ambao baba alikuwa akimsifia kwao, akarudi Morogoro bila kumweleza ukweli.

Saratani ya ini ilionekana Januari 2025, ikiwa imeshasambaa, na marehemu akafariki nyumbani Ijumaa tarehe 9 Mei, akiwa na miaka 67.

Wilson aliandika hapa, kama ilivyo desturi, kwamba baba aliugua kwa muda mfupi, lakini Sekela ameufuta mstari huo, kwa sababu aliugua miaka mitatu, na karibu miwili kati ya hiyo aliiishi bila dawa kwa neno la mwanawe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wapimaji wenzake wa chai, na ninyi mliogawiwa na marehemu majani yaliyokaushwa, Sekela anawapigia magoti, yanyweni kama chai tu, vidonge msiache, na kesho asubuhi anakwenda kupima homa ya ini na mama yake, twendeni wote.

Umsamehe Sekela, taata, baba, upumzike kwa amani.