Bibi Orabel Aliyefungua Lango la Rochevent

Baba Askofu, mabwana wa Baraza Kuu, ndugu, jamaa na majirani wa Akka, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu sote, Orabel, aliyelala mbele yenu kana kwamba anasikiliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Novemba 1160 katika ngome ya Rochevent, juu ya kivuko cha mto Yordani, akiwa mtoto pekee wa Bwana Thierry, ambaye ukoo wake ulikabidhiwa na mfalme ulinzi wa kivuko hicho, ukawa unatoa wapanda farasi kumi kila mbiu ya vita ilipopigwa, na kwa ajili hiyo ukapewa kiti katika Baraza Kuu la ufalme. Alinyonyeshwa na Maryamu, mama Msiria wa kijijini, hivyo Kiarabu kilimtoka kinywani kabla ya Kifaranga, lugha ya baba yake, na mwaka 1168 alipelekwa kwa watawa wa Yerusalemu kujifunza zaburi na kudarizi, ingawa mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa akisinzia juu ya zaburi, akiota ukungu wa ziwa la Hule ukipanda bonde taratibu kama maziwa yanayochemka.

Tarehe 3 Mei 1178 alifunga ndoa na Bwana Gerin, mtu mpole aliyeimba akiwa usingizini, wakajaliwa binti mmoja, Aveline, aliyenizaa mimi, na Bwana Thierry alipofariki mwaka 1181, marehemu ndiye aliyesimamia mashamba ya miwa, kesi za wanakijiji na farasi wa mfalme.

Julai 1187 Bwana Gerin aliondoka na wapanda farasi wote kumi kwenda Hattini kupigana na Sultani, ambako jeshi letu lilivunjika, na hakurudi hata mmoja. Septemba amiri wa Sultani akaizingira Rochevent, iliyokuwa imejaa wajane, wagonjwa na wakulima waliokimbilia humo, huku shemeji wa marehemu, Bwana Ansel, ndugu wa Bwana Gerin, aliyebaki kwa sababu ya mguu uliovunjika, akitaka wapigane mpaka mtu wa mwisho, na marehemu akitaka kulifungua lango.

“Shemeji, ukoo wako ulipewa ngome hii uilinde, si uitoe!” alimfokea.

“Ulikabidhiwa watu wake pia,” akajibu marehemu. “Au wewe unayaona mawe tu?”

Akatoka peke yake, akazungumza na amiri kwa Kiarabu, naye amiri akashangaa, akamuuliza, “Nani alikufundisha kusema kama mama yangu?”

“Aliyeninyonyesha,” akasema, “naye yumo humo ndani, ana njaa.”

Amiri akakubali kwamba akipewa ngome, watu wote watoke salama, Wafaranga na Wasiria, pamoja na mifugo yao, na alfajiri marehemu akalifungua lango, wakatoka kwenye ukungu mzito, kila mtu ameshika vazi la aliye mbele yake, kimya, wala aliyegeuka nyuma hakuiona tena ngome. Marehemu alikuwa akisema kwamba alitembea akidhani anaota, akaogopa kujikwaa asije akaamka.

Watu wa mji wa Tiro waliwapokea, lakini mwaka 1188 Baraza liliuvua ukoo wetu kiti chake kwa kosa la kuitoa ngome, na Bwana Ansel akaapa hatamsalimu marehemu tena. Marehemu hakujitetea, alifungua jiko la wakimbizi, na Akka iliporudi mikononi mwetu mwaka 1191 akalihamishia huku, kando ya ukuta wa kaskazini.

Kwaresima ya mwaka huu wa 1221 alianza kuugua kifua, na wiki ya Pasaka akaja mzee mmoja na fimbo, akasimama mlangoni.

“Shemeji, nimekuja,” akasema Bwana Ansel.

“Umechelewa, supu imepoa,” akajibu marehemu. “Kaa basi.”

Akakaa, akamlisha kwa mkono wake, na hakuondoka hadi tarehe 9 Juni, alfajiri, marehemu alipofumba macho akinong’ona Kiarabu cha utotoni.

Familia inawashukuru ndugu watawa wa hospitali na tabibu Butrusi kwa kumhangaikia, majirani wa ukuta wa kaskazini kwa kukesha nasi, na wanawake wa jikoni, wenzake wa kazi, ambao hata leo hawakuuzima moto. Mabwana wa Baraza, hatudai kiti. Tunaomba mtupishe njia tu, maana nje wamesimama watu wa Rochevent, na watoto wao, na watoto wa watoto wao, nao wamesema ndio watakaombeba.

Lala, mama, kwa amani yote uliyotupa. Usiamke kwa ajili yetu.