Nukta Tatu za Mzee Chaki

Benchi la nje ya duka la vipuri linatosha watu wanne. Jioni hiyo nafasi ya pembeni, iliyokaa wazi kwa wiki kadhaa, ilikuwa na mwenyewe. Mzee Chaki, fundi cherehani, alikuwa amemaliza matibabu ya mionzi ya saratani ya tezi dume, na alikaa kifua mbele kama bwana harusi. Aliyebanana naye ni Welda, mchomeleaji wa mageti. Alifurahi kumwona mzee wake. Ila kwa miezi sasa Welda alikuwa akienda msalani kila mara, mkojo ukitoka kwa kusuasua, na hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe.

Mzee Chaki alisimulia bila kuulizwa. Maisha yake yote alikuwa akipima watu. Safari hii alipimwa yeye. Hospitalini walimtia nukta tatu za wino kwenye ngozi, moja kila upande wa nyonga na moja chini ya kitovu, na kila siku walizifuata ili alale pale pale. Mashine ilimpiga picha kwanza, ndipo ikamzunguka, ikilenga tezi.

— Mimi mteja nampima siku moja, suti ikimkataa namlaumu kwa kunenepa. Wale walinipima upya kila siku. Nimewavulia kofia.

Siku ya kwanza aliwakwamisha. Kwa adabu zake alipitia msalani, asije akaaibika kitandani. Kumbe walitaka kibofu kijae, kiusogeze utumbo mbali na mionzi. Wakamrudisha kukaa na chupa ya maji.

Benchi zima likacheka. Dereva wa lori akaja na yake: aliyepigwa mionzi hatakiwi kukaa karibu na redio, mawimbi yatapigana. Muuza Vipuri akapanda dau. Shemeji yake anamjua mtu anayewaka gizani. Kwao hawanunui taa.

— Basi nipeni kazi ya ulinzi, alisema Mzee Chaki. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Kila siku nikitoka pale nilimpakata mjukuu wangu.

Dereva hakukubali kushindwa. Akadai ugonjwa huo huletwa na kipimo chenyewe, asiyepima haugui. Ushahidi ni yeye, mzima kama chuma.

Welda alicheka kuliko wote.

Nyuma yao alikuwa amesimama mama mmoja, gauni la kupunguzwa kiuno mkononi, akimsubiri fundi wake.

— Samahani, kaka zangu, alisema. Ukimtoa mzee hapa, nani mwingine kapima?

Dereva akachungulia kikombe chake cha kahawa. Muuza Vipuri akakumbuka kuna boksi hajalipanga. Muuza kahawa, aliyekuwa akizunguka na birika, aliliinamisha juu ya kikombe cha Welda. Halikutoa hata tone.

Mzee Chaki hakumwokoa mtu. Alipokea gauni, akaligeuza ndani nje, akakagua mishono, akaelekea kibandani kwake. Mama yule alipoondoka, Welda alimfuata mzee hadi mlangoni.

— Mzee wangu, siku ya kurudi kwa daktari, naweza kukusindikiza?

Mzee Chaki alimtazama. Akaivua tepu ya kupimia shingoni, akaikunja taratibu.

— Mimi narudi mwezi ujao, alisema. Wewe tunakwenda kesho.