Historia ya Mama Jalada, Aliyesoma Sheria Miaka Kumi na Mmoja

Ndugu, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, mimi ni fundi cherehani, mdogo wake marehemu, na familia imenipa karatasi hii niisome kwa kuwa ndiye niliyekaa naye zaidi, basi mnivumilie, siku hizi tano sijapata usingizi wa maana na maandishi yananichezacheza.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi bomba na mkewe. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari hadi Novemba 1980, akafaulu vizuri kabisa, lakini baba alikuwa ameshaanza kuugua, ikabidi masomo yake yasimame ili sisi wadogo tusome, na mimi ni mmoja wa waliokula nafasi yake.

Tarehe 1 Februari 1983 aliajiriwa mahakamani kuwa karani wa masjala, akakaa kwenye chumba kile chenye dirisha moja na makabati ya chuma hadi alipostaafu tarehe 31 Machi mwaka huu wa 2023, miaka arobaini, akijua kila jalada lilipo, hata yale ambayo mawakili walishaapa kwamba yamepotea, ndiyo maana hakimu mwenyewe alimwita Mama Jalada. Tarehe 17 Septemba 1988 aliolewa na dereva wa lori, mtu mpole aliyetutoka Juni 2004, wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 1989 na kijana mwaka 1993.

Oktoba 2012, binti akiwa ameshaanza kazi na kijana amemaliza shule, alijiandikisha chuo kikuu kusomea shahada ya kwanza ya sheria, akawa akitoka kazini anapita kibandani kwangu, anakaa kwenye benchi la wateja na kunisomea sheria ya mikataba kwa sauti huku mimi nakata kitambaa, mpaka wateja nao wakaanza kunidai suruali zao kwa kutaja vifungu. Kufikia 2017 alikuwa amemaliza masomo yote isipokuwa moja, Sheria ya Ushahidi, ambalo alifeli mwaka huo, akafeli 2018, akafeli 2020. Kosa lake, maana tumekubaliana tusifiche, ni kwamba akiulizwa mahakama ifanye nini na shahidi fulani, yeye aliandika kinachotokea kweli, kwamba shahidi hajafika, jalada liko kwa hakimu mwingine, kesi imeahirishwa. Mhadhiri wake, kijana wa rika la binti yake, alimweleza kwa adabu kwamba mama, hapa tunauliza sheria inasema nini, naye akamjibu kwamba miaka yote ile masjala hajawahi kuisikia ikisema.

Januari mwaka huu alianza kulalamika tumbo, Mei vipimo vikaonyesha saratani ya ini, na tarehe 22 Agosti akafanya mtihani uleule kwa mara ya nne, akiwa ameketi juu ya mto tuliombebea. Tarehe 18 Septemba alilazwa. Ijumaa tarehe 6 Oktoba daktari aliniita pembeni akaniambia tujiandae, nami nikarudi wodini nikamwambia dada kwamba matokeo yametoka, amefaulu. Akaniuliza nimeyaona wapi, nikasema ubaoni, kwa macho yangu, akauliza ubao upi, nikasema ule wa karibu na ngazi, akauliza ngazi za upande gani, hapo nikaanza kutafuta leso, naye akacheka mpaka muuguzi akaja, akamwambia huyu mdogo wangu asije akapandishwa kizimbani, kisha akanishika mkono akanishukuru. Alifariki Jumatatu tarehe 9, saa nne asubuhi.

Matokeo ya kweli yalibandikwa jana, nikaenda mwenyewe, alama thelathini na nane, na kufaulu ni arobaini. Wanawe waliniomba niandike humu kwamba alikuwa mwanasheria, nimeshindwa, nimeshadanganya mara moja na nimechoka.

Jana hiyohiyo tulifungua mkoba wake wa hospitali tukakuta fomu ya kurudia mtihani, imejazwa kwa mwandiko wake unaotetemeka, tarehe 7 Oktoba, siku moja baada ya mimi kumwambia amefaulu. Binti yake akakiri kwamba mama ndiye aliyemtuma chuoni kuichukua, akamkataza asimwambie mjomba, eti nisije nikajisikia vibaya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumchoka, majirani mliotufulia mashuka, wenzake wa masjala ambao najua sasa mnahangaika na makabati yale, na mhadhiri wake, aliyekaa pale nyuma, ambaye hatuna kinyongo naye hata kidogo.

Dada yangu, mtihani ni mwezi Machi, watafanya wengine. Wewe pumzika sasa, pumzika kwa amani.