Mama Eun-sil, Aliyemtetea Aliyefungwa kwa Kifo cha Mwanawe

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ulioko jikoni, punguza moto kidogo. Ulioko dukani, sogeza redio karibu. Leo tunamkumbuka Pyo Gap-sun. Najua wengi mtauliza, Gap-sun gani? Basi niseme Mama Eun-sil, mwenye saluni ya pembeni mwa soko hapa Dalmok. Mama Eun-sil ametutoka Jumanne iliyopita akiwa na miaka themanini na miwili.

Nimesoma tanzia nyingi mbele ya kipaza sauti hiki. Hii ya leo imenishinda kuisoma kama nyingine. Nimeongea na bintiye, nimeongea na majirani, na bado najiuliza mtu kama huyu alipata wapi moyo ule.

Alikuja mjini kwetu akiwa bi harusi, wakati machimbo ya makaa yalikuwa bado yanatoa moshi. Mumewe alikuwa mchimbaji. Yeye akafungua saluni yenye viti viwili na kioo kimoja. Wateja wake walikuwa wake wa wachimbaji, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi. Mteja akilalamika nywele zimeungua, humwambia, "Nywele zitaota, mdogo wangu. Huyo mume wako ndiye hataota akili." Wanawake walicheka mpaka wakashikilia mbavu, na wiki iliyofuata wakarudi.

Alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa, Eun-sil. Mdogo, Mi-ok. Eun-sil alipomaliza shule aliajiriwa kwenye studio ya picha ng'ambo ya daraja. Mchana mmoja wa mvua za kiangazi, mwaka themanini na sita, mwenye studio alirudi kutoka benki akamkuta amekufa katika chumba cha kusafishia picha. Alikuwa amenyongwa kwa mikono. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Mji ulitetemeka. Magazeti ya mji mkuu yakaja. Wakubwa wa polisi wakataka mtu, na wakamtaka haraka. Baada ya siku chache mtu akapatikana. Jina lake Tak Yeong-gil, kijana yatima aliyesambaza makaa ya kupikia kwa mkokoteni. Makaa ya studio ile alikuwa akiyapanga nje, ukutani. Polisi wakatangaza kwamba Yeong-gil amekiri.

Wasikilizaji wapendwa, msinielewe vibaya. Mama Eun-sil siku ile hakuwa mtakatifu. Alifunga saluni, akaenda hadi mlango wa kituo, akapiga kelele pamoja na mji mzima kwamba kijana yule anyongwe. "Mama alikuwa mbele kabisa," Mi-ok ameniambia. "Sauti ilimkauka. Nyumbani alikunywa maji tu, akalala na gauni la dada kifuani."

Kisha likaja jambo la studio. Kwa desturi ya polisi wetu, mtuhumiwa alirudishwa mahali pa tukio aoneshe alivyofanya. Watu walijaa barabarani. Mama Eun-sil, kwa kuwa mfiwa, aliruhusiwa kusimama ndani, karibu na meza ya picha. Yeong-gil aliletwa na pingu, uso umevimba. Mpelelezi Bong Ki-hwan, aliyeongoza kesi, akamwambia, "Haya, ingia kama ulivyoingia."

Yeong-gil akaenda kwenye mlango wa kile chumba. Akausukuma. Mlango haukufunguka. Akausukuma tena, kwa bega. Mlango ule unavutwa, wasikilizaji. Mama Eun-sil aliujua, maana kila mara alipompelekea mwanawe chakula cha mchana aliuvuta mwenyewe. Bong akanyoosha mkono juu ya bega la kijana, akauvuta. Mpiga picha wa polisi akaambiwa arudie picha.

Watu wengi waliokuwa mle ndani waliona jambo lile. Aliyeliona kwa kweli ni mmoja.

Usiku ule alimwambia mumewe, "Baba Eun-sil, yule kijana haujui mlango."

Mumewe akasema, "Amekiri."

"Haujui mlango."

"Gap-sun, amekiri. Unataka nini zaidi?"

Akanyamaza msimu wa baridi mmoja, akanyamaza na wa pili. Kesi ikaisha. Yeong-gil akahukumiwa kifungo cha maisha, na watu wakanung'unika kwamba amepewa kidogo. Lakini mlango ule ulimkaa mama huyu kooni kama mwiba wa samaki. Mwisho akavaa koti lake zuri, akapanda basi, akaenda gerezani.

Yeong-gil alipoambiwa mgeni wake ni nani, alipiga magoti upande wa pili wa kioo.

"Inuka," Mama Eun-sil akamwambia. "Nikuone uso. Mwanangu ulimuua wewe?"

"Hapana, mama."

"Basi kwa nini ulisema ulimuua?"

"Hawakuniacha nilale. Waliniinamisha kwenye beseni la maji. Wakaniambia, ukikiri utalala."

"Na kitanzi? Hukuogopa kitanzi, mjinga wewe?"

Yeong-gil akafikiri. Akasema, "Kitanzi kilikuwa mbali, mama. Wao walikuwa pale pale."

Mama Eun-sil alirudi nyumbani akamwambia kila mtu. Alisema sokoni. Alisema saluni, mkasi mkononi. Alisimama mbele ya mahakama na bango aliloandika mwenyewe: MTU MLIYEMFUNGA SIYE. Na sisi watu wa Dalmok tulimfanya nini? Tulimwambia amerukwa na akili. Mteja mmoja wa miaka mingi alisimama kitini, nywele mbichi, akamwambia mbele ya wenzake, "Umemuuza mwanao kwa muuza makaa. Mama gani wewe?"

Mama Eun-sil akamwambia, "Kaa nikukaushe, utapata mafua. Matusi utayamalizia ukiwa mkavu."

Yule mwanamke alitoka na taulo kichwani. Wengine wakafuata. Viti viwili vikabaki vitupu. Na nyumbani, Mi-ok anakumbuka, baba yake aliacha kula meza moja na mkewe. "Baba alibeba bakuli lake la supu akaenda kula barazani. Mpaka anakufa. Mama alimpikia kila siku, na hakuacha kusema aliyokuwa akiyasema."

Miaka ikapita hivyo. Kila mwezi, basi la gerezani. Soksi za sufu, dawa ya meno, vitabu. Yeong-gil akazeeka mle ndani, naye akazeeka huku nje.

Halafu, wasikilizaji wapendwa, mtu mmoja akakamatwa katika mji wa bandari kwa kumuua msichana mfanyakazi wa duka la vitambaa. Jina lake sitalitamka hewani. Alipohojiwa, tena safari hii mwanasheria akiwa ameketi kando yake, alisema kabla ya huyu kulikuwa na mwingine. Dalmok. Studio ya picha. Akaeleza chumba kilivyokuwa, na mlango unavyovutwa.

Wakamuuliza, hukuwahi kuogopa kunyongwa? Akasema aliogopa siku chache. Kisha akasoma gazetini kwamba mtu ameshapatikana, na tangu hapo akalala vizuri.

Kesi ikafunguliwa upya. Mama Eun-sil akatoa ushahidi wake wa mlango, ule ule, maneno yale yale. Yeong-gil akaachiwa huru baada ya miaka kumi na tisa. Nje ya lango la gereza hakukuwa na ndugu yake hata mmoja. Alikuwepo Mama Eun-sil, na kipande cheupe cha tofu kwenye sahani, kama desturi yetu kwa anayetoka gerezani. Akamwambia, "Kula chote. Usirudi tena humu." Yeong-gil akala amesimama, machozi yanadondokea sahani.

Safari ya kwanza ya Mama Eun-sil baada ya hapo haikuwa ya kusherehekea. Alikwenda mji wa bandari, kwa mama wa yule msichana wa pili. Alisujudu sakafuni, akakaa hivyo. "Ningepiga kelele siku ile ile pale studio," alisema, "labda wangeendelea kumtafuta." Baadaye mwenyeji wake akamwekea chai.

Wakati ule hasira ilipanda nchini kote. Mbunge mmoja alikuja Dalmok na kamera, akimtaka Mama Eun-sil asimame naye kudai wauaji wanyongwe na polisi watesaji wafungwe maisha. Ukumbi ulijaa. Mama Eun-sil akapewa kipaza sauti.

"Mheshimiwa," alisema, "adhabu kubwa ilikuwepo. Kitanzi kilikuwepo. Aliyemuua mwanangu alikijua, na hakikumzuia, kwa sababu alihesabu hatakamatwa. Waliomjua walikuwa Mungu na yeye mwenyewe tu. Aliyetishwa nacho hakuwa yeye, alikuwa huyu Yeong-gil, na hata yeye hakikumzuia kukiri uongo. Mimi sikuomba adhabu kubwa. Niliomba mtu mwenyewe. Wekeni mtu wa kuangalia ndani ya kile chumba cha mahojiano. Mkishaweka, ndipo mje tuongee urefu wa kamba."

Mimi nilikuwepo, na maneno yale ninayakumbuka kuliko makofi yoyote niliyowahi kusikia.

Na Mpelelezi Bong? Alikuwa amestaafu. Muda wa kumshtaki kisheria ulikuwa umepita. Alikuja saluni siku moja na sanduku la matunda, akaomba msamaha akiangalia sakafu. Mama Eun-sil akamwambia, "Matunda mpelekee Yeong-gil. Magoti nayo, mpelekee yeye." Bong alikwenda, au hakwenda, Yeong-gil hajapenda kusema. Mi-ok hadi leo anasema yule mzee alistahili jela. "Mama na mimi tuligombana juu ya hilo mpaka mwisho," ameniambia. "Nilimuuliza kama amemsamehe. Akasema, 'Nani kasema? Siwezi. Nimekataa tu kudanganywa mara ya pili, eti akifungwa mmoja yameisha.'"

Jumatano nilikwenda kwenye ukumbi wa msiba. Kama ilivyo kwetu, mtoto wa kiume wa marehemu ndiye anayesimama kando ya picha kupokea wageni, na utepe wa msiba mkononi. Mama Eun-sil hakuzaa mtoto wa kiume. Lakini kando ya picha alisimama mwanamume mwenye mvi, suti nyeusi imempwaya, utepe mkononi. Mi-ok ndiye aliyemfunga utepe huo.

Mgeni mmoja kutoka mbali, asiyejua habari hizi, aliinama mbele yake akamuuliza, "Wewe ni nani wa marehemu?"

Tak Yeong-gil akajibu, "Mwanawe."

Kwako Mi-ok, na kwako Yeong-gil, poleni sana kutoka kwetu sote hapa redioni. Na kwenu, wasikilizaji wapendwa, nina ombi moja tu. Siku mtakaposikia tena kwamba mtu amekiri, na mji mzima umeanza kupiga kelele, nyamazeni kwanza, kisha muulize aliyekuwepo kwenye chumba cha mahojiano ni nani.