Kijiti cha Kupimia Ndiva

Mwamvita, muuza tangawizi, alifumba macho ndani ya basi la kupanda Myamba ili asikie vizuri. Kiti cha mbele, binti wa chuo alikuwa akimweleza mzee asiyemjua kwamba anatafiti hisabati ya kugawa maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba.

"Sisi tunapima kwa kijiti chenye alama," mzee alisema. "Kina kosa gani?"

"Hakina, babu. Mhadhiri wangu ndiye anasema hiyo si hisabati, nibadilishe mada. Nimekataa."

"Na akikufelisha?"

"Nitarudia mwaka, na kijiti hicho hicho."

Mwamvita akafumbua macho. Usingizi wenyewe ulikuwa wa uongo.

Basi liliposimama, mzee aligeuka mlangoni. "Kesho asubuhi tunafungua maji. Mwambie mhadhiri aje na hesabu zake. Mimi nitamsubiri na kijiti."