Placide Tshimanga na Wimbo wa Sita

Ba papa, ba mama, wandugu wote mliokuja kwenye kilio hiki, na wewe Hadassa, binti wa marehemu, uliyefika jana na vumbi la treni miguuni, mimi Barnabé, niliyeimba kando ya piano ya baba yako miaka ishirini na mmoja, ndiye niliyeombwa kusoma maisha yake, si kwa kustahili, bali kwa sababu ndugu zake wote walifukuzwa katika mji huu, na kati yetu tuliobaki hakuna mwingine anayejua tarehe. Anayetaka kuondoka aondoke sasa, maana watu watatajwa kwa majina.

Marehemu Placide Tshimanga alizaliwa Jadotville, ndiyo hii Likasi yetu, tarehe 4 Februari 1942, mwana wa tatu wa baba Kalombo, aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na wa mama Élisabeth Ngalula, na wazazi hao wote wawili wamezikwa hapa hapa, ili mjue kwamba mtu tuliyemwita mgeni alikuwa na makaburi katika mji huu kabla wengi wenu hamjaufikia.

Alianza shule kwa mapadri mwaka 1948, na huko bruda mmoja mwenye hasira alimfundisha harmonium, kinanda cha kanisani, kwa kumchapa vidole na rula kila alipokosea, hata vidole vikakaa vimepinda kidogo, hivyo hivyo nilivyovikuta juzi nilipokuwa ninavifunga rozari. Alimaliza masomo ya ukarani mwaka 1960, na tarehe 2 Mei 1961 akaingia kompani ya shaba, karani wa magasin, yaani ghala, akishinda na orodha za misumari na mafuta ya mashine, na kila Jumamosi akipiga piano kwenye cercle, ile klabu ya wakubwa, kwanza kwa wazungu, kisha kwa wakubwa wetu wenyewe, ambao walikunywa zaidi na kusikiliza kidogo.

Alifunga ndoa na Philomène Kapinga Jumamosi tarehe 22 Julai 1967, wakapata watoto wanne, Hadassa akiwa wa kwanza, na Éphraïm, aliyezaliwa mwaka 1984, akiwa kitinda mimba, ambaye baba yake alimpenda kupita kiasi na hakuficha.

Mwaka 1976 mke wa injinia mmoja, akifunga mizigo ya kurudi kwao, alimwachia marehemu kaseti moja isiyo na karatasi, nyimbo za polepole za piano za mwimbaji mmoja Mwingereza anayependwa dunia nzima, naye Placide, asiyejua Kiingereza hata cha kuomba maji, alizikamata zote kwa sikio, na kwa kuwa hakujua majina yake akazipa namba. Mnazijua. Ya kwanza ni ya bibi arusi kuingia, ya tatu ni ya wazazi kulia, na ya sita ni ile inayokatika hewani, watu wote mkasimama na kupiga makofi, mkidhani hata huko Ulaya wanafanya hivyo. Utepe wa kaseti ulikuwa umeisha katikati ya wimbo, basi. Placide alijua, na kila Jumamosi kabla ya kufunika piano alijaribu mwisho wa aina mbili tatu, kisha akatikisa kichwa na kuniambia, "Haiko ile, Barnabé."

Septemba 1992 vijana waliotaka watu wa Kasai warudi kwao walikuja na magogo nyumbani kwa marehemu, na sisi majirani hatukuzuia, tulingoja wenye nyumba watoke. Séraphin, unayekaa kwenye kiti cha mbele, mlango wa Placide uko kwenye choo chako mpaka leo, na namba ya nyumba yake hujaifuta. Mama Tina, sufuria uliyotuletea kupikia leo ninaifahamu, niliwahi kula ndani yake kwa Philomène. Familia ililala shuleni, kisha stesheni, miezi minane wakingoja behewa, na treni ya Kasai ilipokuja, Jumamosi tarehe 15 Mei 1993, mkubwa wa vijana alikuwa na arusi siku ile ile, akasema, "Ule wa piano mumuache kwanza," wakamshusha. Mke na mume walipatana pale pale kwenye reli kwamba Philomène akifika ataandika mahali walipo, naye Placide atafuata. Saa kumi jioni alikuwa anapiga ya kwanza, na bibi arusi aliingia vizuri.

Tangu siku hiyo alikaa chumba cha nyuma kwangu Kikula, pamoja na piano ya cercle, ambayo waporaji waliiacha kwa uzito wake tukaisukuma kwa mkokoteni. Kompani ilikuwa imeacha kulipa watu, lakini watu hawakuacha kuoana, arusi ndizo zilizotupa unga na mafuta, na bila vidole vyake mimi nilikuwa mtu mwenye sauti tu, na wa namna hiyo Likasi wamejaa.

Alhamisi tarehe 12 Agosti 1993 mfanyakazi wa treni alileta barua ya Philomène, akanipa mimi mlangoni. Nikaifungua. Éphraïm alikuwa amekufa ndani ya behewa kabla ya kufika Kamina, akiwa na miaka tisa, wakamzika kando ya reli. Jumamosi tulikuwa na arusi kubwa Kakanda, nikasema moyoni nitampa Jumapili, na Jumapili alikuwa na furaha, walikuwa wametupa mbuzi, nikasema wiki ijayo. Barua ya pili ilifika Machi 1994, sikuweza kuitoa bila ya kwanza. Ya tatu ilifika tarehe 20 Novemba 1995. Kila alipouliza nilijibu kwamba posta imekufa, na posta ilikuwa imekufa kweli. Kaseti aliifunga ndani ya kitambaa, akisema ni ya Éphraïm, atakuwa ameshakuwa kijana sasa, na mimi nilisikiliza nikila.

Alianza kukohoa Julai 1996, akaendelea kupiga akikohoa, mpaka maharusi wakalalamika. Alifariki Alhamisi tarehe 16 Oktoba 1997, saa tisa mchana, na Hadassa, aliyesikia kwa mchuuzi mmoja kwamba baba yake bado ni mzima, alishuka treni siku iliyofuata.

Familia inamshukuru daktari, aliyeandika dawa kwa mwandiko mzuri, tukaizungusha karatasi mji mzima bila kupata dawa. Inawashukuru majirani, mliochukua kila kitu isipokuwa kilicho kizito. Wenzake wa kazi ni mimi, nami sishukuriwi. Hadassa, jana uliniuliza mbele ya ba mama kama baba yako alisoma barua za mama yako, nikasema zilipotea njiani. Nilidanganya. Hizi hapa, tatu, nazirudisha mkononi mwako watu wote wakiona, na aibu ni yangu.

Katika barua ya tatu mama yako aliandika kwamba amesikia wimbo wa sita kwenye redio ya jirani, wote, kwamba una mwisho, mfupi na mpole, na kwamba Placide aje haraka, yeye mama yako amwimbie kabla hajausahau. Kwa miaka miwili nilikaa karibu na mtu huyu nikimtazama anautafuta kwa vidole, anatikisa kichwa, nami nimeketi juu ya barua. Hadassa anasema mama yake aliwafundisha watoto wote mwisho huo, na atamwimbia baba yake kaburini, kwa sharti kwamba mimi nisiwepo.

Basi nendeni naye. Pumzika, Placide, utausikia leo, mimi nitabaki hapa kufunika piano.