Benadeta Kemigisha, Bingwa Aliyepandishwa Cheo Asishindane

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Benadeta Kemigisha anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha gofu katika klabu yetu ya Rushenye, hapa Chonyonyo. Kamati imeniomba niandike wasifu wake kwa lugha ya furaha. Nitajitahidi, ingawa mimi ni mtunza nyasi na furaha si fani yangu.

Kibanja cha baba yake, shamba la migomba, kilipakana na shimo la tano. Mipira ya wakubwa ilidondokea kwenye migomba, na Benadeta, msichana wa shule, alitumwa kuirudisha. Kuipeleka kwa mkono aliona ni kupoteza muda. Akawa anaipiga kwa tawi la mti wa kahawa alilojichongea, na mara nyingi ilitua karibu zaidi na shimo kuliko pale mwenye mpira alipokusudia. Mhasibu mmoja wa Muleba, Bwana Elipidius, alicheka sana, akampa fimbo zake za zamani.

Alipokuwa mtu mzima alitwaa Kombe la Mwenyekiti miaka mitatu mfululizo, akiwashinda wanaume wenye fimbo za Ulaya na watu wa kuwabebea. Mwaka wa kwanza walimpigia makofi. Wa pili walisema upepo ulimpendelea. Wa tatu, mwenyekiti wa wakati ule, marehemu Mzee Lameck, aliitisha mkutano wa wanachama wote.

Alitangaza kwamba klabu imempandisha Benadeta kuwa mchezaji wa kulipwa na mwalimu mkuu. Kisha akamletea kikapu cha kahawa ya kutafuna. Huku kwetu, kahawa ukipewa mbele za watu ukaitafuna, umekubali, na kugeuka baadaye ni aibu ya ukoo mzima. Benadeta alipiga goti, akapokea kwa mikono miwili, akatafuna. Nyumbani walichinja mbuzi. Mama yake alipeleka mkungu wa ndizi kanisani kwa shukrani, ukapigwa mnada, na Mzee Lameck mwenyewe akaununua.

Hakuna aliyemweleza kanuni. Mchezaji wa kulipwa haruhusiwi kugombea kombe la wachezaji wa ridhaa, na klabu yetu haina kombe lingine. Mashindano ya wanawake wa kulipwa hayakuwepo mahali popote ambapo basi la kutoka hapa lingemfikisha. Aligundua mwaka uliofuata, alipokwenda kujiandikisha na fimbo begani, akaambiwa kwa heshima zote kwamba sasa yeye ni mkubwa mno. Kombe likarudi kwa wanaume na liko huko hadi leo. Nilikuwa pale nikimwagilia nyasi, na hasira ya siku ile haijanitoka.

Hakulalamika hadharani, alifundisha. Alikuwapo mfanyabiashara aliyepiga mpira kama anayeua nyoka. Mama Benadeta alimnyoosha, jamaa akatwaa kombe, na katika hotuba yake akamshukuru mkewe, dereva wake na viatu vyake vipya. Wasichana wa Kiruruma na Bweranyange aliwafundisha siku zake za mapumziko, na kila mmoja aliondoka na wosia uleule: "Mtu akikuletea kahawa, mwanangu, muulize kwanza ni ya nini."

Mwaka huu Kamati ilimuuliza angependa zawadi gani ya kuagwa. Aliomba kitu kimoja: arudishwe kwenye ridhaa, agombee kombe lile japo mara moja, kabla magoti hayajamkatalia. Kanuni zinaruhusu. Kamati ilikaa, ikasimama, ikakaa tena, kisha ikatoa jibu linalopaswa kutufurahisha sote. Kombe sasa litaitwa Kombe la Benadeta Kemigisha, naye atakuwa mgeni rasmi wa kulikabidhi kwa mshindi kila mwaka. Mgeni rasmi hachezi.

Katibu wetu, Renatha, alipompelekea habari hizo nilikuwepo. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamjibu taratibu: "Wasalimie, uwashukuru. Jina langu ninalo tangu nibatizwe. Mimi niliomba kucheza."

Mama Benadeta, asante kwa kutufundisha. Mungu akupe afya, migomba isiyougua na wajukuu wasio wavivu. Zaidi ya yote tunakuombea upate mpinzani, kwa sababu sisi tuliogopa kuwa wapinzani wako.

Novatus Yustus
Mtunza nyasi